Kamera Inazimika Karibu na Daraja

Kamina, tarehe 11 Februari 2024

Kwa Monga, ndugu yangu mudogo,

Amani ya Mungu ikukute mu nyumba yako ya Katuba, kule Lubumbashi. Sisi huku tunapumua. Mama Masengo anakusalimia sana. Goti lake linamusumbua tangu mvua ilianza, lakini siku ya Mungu alitembea mwenyewe mupaka ku misa na alikataa nimushike mukono. Batoto banaenda ku masomo. Mihogo ya nyuma ya nyumba iliota vizuri. Treni ya mizigo ilipita juzi, ya bantu hatujui itapita lini, basi minyi ninakaa ku gare, pale ku stesheni, na kazi yangu ya kugeuza reli, ninageuza upepo.

Barua hii nimemupa Zébédée, yule anayefanya kazi mu treni ya mizigo, akuletee mukononi. Ningeweza kukupigia simu, lakini simu ya hapa nyumbani ni ya bote. Batoto banacheza nayo, Laetitia bibi yangu, mama ya batoto, anaitumia kwa kazi yake, na ukuta wetu unajua unasikia mupaka kwa jirani.

Neno lenyewe njo hili. Unajua bibi yangu sasa ni muuguzi ku kituo cha afya cha Katondo, na kila asubuhi anaenda na pikipiki bale ba mradi balimupa. Balabala ni muchanga na mashimo, na malori ya mbao yanapita bila huruma. Mwezi uliopita lori moja lilimusukuma mupaka mu majani, halafu dereva akasema mbele ya polisi kwamba Laetitia njo alikosa. Hakukuwa na shahidi. Nikakumbuka ile kamera ndogo unafunga ku kaske yako, ile kofia ngumu ya pikipiki, ukienda kazini. Ninataka kumununulia moja. Nieleze gani iko nzuri.

Nieleze tena: inashika sauti ao picha tu? Betri inadumu safari nzima, kwenda na kurudi? Ile taa yake nyekundu inaweza kuzimwa, ili muntu asijue kama inafanya kazi? Na picha zinaonyesha saa?

Ni kwa usalama wake tu.

Yaya yako,
Gaston Mulongo


Lubumbashi, tarehe 3 Machi 2024

Yaya Gaston,

Ninakupigia magoti mawili, na Mama pia. Umwambie nimemununulia kitambaa kizito cha kufunga ku goti, Zébédée atakileta. Huku mvua iliingia mu duka yetu mupaka ku meza za simu. Patron, mwenye duka, alitukalia kichwani siku nzima. Minyi niko muzima. Unaniuliza kila mara nitaoa lini, mara hii ulisahau kuuliza, nikajua uko na mawazo.

Sasa kamera. Unajua ukinigusa hapo sinyamazi.

Usiangalie namba kubwa banaandika ku sanduku. Sokoni iko kamera mingi zinasema zinaona sawa tai, na picha zake ni uji. Kwa balabala yenu kintu cha kwanza ni kamera inayotuliza picha, ile ambayo ukipita mu mashimo picha haitetemeki. Cha pili ni mahali pa kuifunga. Usifunge ku usukani, injini itaitikisa mupaka utaona balabala kama bukari inasongwa. Ku kifua ni nzuri, lakini mwanamuke mwenye mufuko wa dawa begani atafunika kamera kila saa. Minyi ninafunga ku kidevu cha kaske. Pale inaona kile macho yako yanaona, na muntu akigeuza kichwa nayo inageuka.

Betri moja haimalizi safari. Nunua mbili, moja ikae mu mufuko wa ndani, karibu na mwili, baridi ya asubuhi isiimalize. Kadi ya kuhifadhi picha isiwe ya bei ya karanga, inakwama. Apanguze kioo na kitambaa cha pamba, siyo na kidole. Na gundi ya kushikilia haipendi vumbi, basi afunge kamba ndogo. Ikibanduka, itaning'inia, haitaanguka mu muchanga.

Sauti inashika, lakini ukikimbia utasikia upepo tu. Saa inaonyesha.

Taa inaweza kuzimwa. Lakini yaya, yule dereva wa lori ni vizuri aione, njo itamutia woga. Nani mwingine hatakiwi kuiona?

Laetitia mwenyewe aliomba kamera, ao ni wazo yako?

Monga


Kamina, tarehe 14 Aprili 2024

Kwa Monga,

Salamu nyingi. Mama anafunga kile kitambaa ku goti na anawaonyesha bamama ba parokia, anasema kimetoka Lubumbashi kama vile kimetoka Roma. Wafwako, asante sana, ndugu yangu. Mutoto wa mwisho alikuwa na malaria, amepona.

Kamera ulinitumia ilifika nzima. Laetitia aliifurahia sana. Aliivaa mu kaske, akajiangalia mu kioo, akacheka, akauliza kama sasa atakuwa artiste. Nilimufundisha vile uliandika. Kila mangaribi anaiweka mezani mwenyewe, minyi ninatoa kadi, ninaiingiza mu kompyuta ya zamani ya Kisimba wa ku gare, ninaangalia balabala. Ni kwa kujua mashimo yako wapi, na malori.

Nitakuambia neno. Sikujua balabala ile iko na bantu mingi vile. Banamusalimia bote. Bamama ba mashamba banamusimamisha, banamupa mahindi, anabeba mutoto wa muntu, anataniana na vijana banaotengeneza baiskeli. Hapa nyumbani anafika amechoka, anasema maneno ya kuhesabika. Mu kamera ninaona mikono yake ikipungia kila muntu. Nilifikiri ninamujua bibi yangu. Ninaangalia bibi ya balabala.

Sasa neno ya ufundi. Mbele ya daraja la magogo, karibu na soko ndogo ya Katondo, picha inakatika. Inakuwa giza. Halafu inaanza tena ng'ambo. Inafanya vile kila asubuhi, mahali pale pale. Kurudi mangaribi haikatiki. Nilimuuliza, akasema hajui, labda mashine imechoka. Ni ugonjwa gani wa kamera unajua mahali daraja liko?

Siku moja tu haikukatika. Nadhani alisahau, ao mashine ilisahau. Niliona amesimamisha pikipiki kando ya daraja. Iko mwanaume mumoja mwenye kofia ya bluu, amesimama karibu naye sana. Banaongea. Anamupa kintu mukononi, mwanaume anaangalia nyuma kwanza, kama mwizi. Laetitia anamushika bega. Sauti yote ni upepo wa mu majani, sikusikia neno hata moja.

Ninauliza: iko njia gani ya kuzuia upepo usiingie mu sauti?

Gaston


Lubumbashi, tarehe 9 Mei 2024

Yaya,

Barua yako ilikaa Tenke, treni iliharibika. Zébédée aliileta na madoa ya mafuta. Ninafurahi mutoto amepona.

Huku hakuna jipya. Nilihama chumba, ni palepale Katuba, lakini sasa niko na dirisha la upande wa jua. Ku duka tulipata kamera mupya ndogo sawa kiberiti, sikuelezi juu utaitaka.

Ile giza ya daraja: inaweza kuwa kadi, nilikuambia zile za bei rahisi zinakwama. Inaweza kuwa joto, kamera ikipata jua ya mbele inajizima. Inaweza kuwa mutikisiko wa magogo unasukuma betri. Usiifikirie sana.

Juu ya upepo, dawa yake ninaijua. Sitaiandika mupaka weye uniandikie ni neno gani unataka kusikia. Kamera ile tulinunua kwa malori.

Umwambie Laetitia apite polepole pale kwenye mutelemuko wenye matope aliangukia, asubuhi utelezi unabaki hata mvua ikiisha. Kidonda cha mukono wake kinapona haraka lakini asibebe ndoo nzito.

Mama umubusu kwa minyi.

Monga


Kamina, tarehe 2 Juni 2024

Monga,

Mama ni muzima. Batoto bazima.

Umeandika "pale aliangukia". Umeandika juu ya mukono wake. Minyi sijakuandikia kwamba Laetitia alianguka. Sikuandika juu sikujua. Alirudi na sketi ya matope, akaniambia alikuwa anafua ku mutoni. Mukono alisema alijikata na kopo la nyanya.

Nilichukua simu ya nyumba alipokuwa anaoga. Namba yako imejaa mule. Asubuhi, saa ya minyi kuwa ku gare. Mangaribi, saa ya minyi kuwa kwa Kisimba ninaangalia kadi. Nilidhani muntu wangu wa kuogopa amesimama pa daraja. Kumbe mwingine iko Katuba, mu chumba chenye dirisha la jua.

Sikusahau. Weye njo ulimujua wa kwanza. Mulikuwa mukiimba kwaya moja, ulikuwa unamusindikiza mupaka kwa baba yake baada ya mazoezi, minyi nilikuwa Luena ninajifunza kazi ya reli. Niliporudi Mama akaniambia, angalia yule musichana Monga anamuleta hapa. Nikaangalia. Weye ukahamia Lubumbashi kabla ya harusi, ukasema ni kazi. Nilikubali ni kazi.

Zébédée akikuuliza kama kuna jibu, umwambie hakuna.

Gaston Mulongo


Lubumbashi, tarehe 7 Julai 2024

Yaya Gaston,

Ninaandika hata kama umenikataza. Kwanza salamu kwa Mama, na umuombe radhi kwamba mwezi huu sikutuma sabuni; nilikuwa na homa, sasa ninatembea.

Ndiyo, Laetitia ananipigia. Mara ya kwanza alipiga juu ya kioo. Ulimukasirikia juu picha zilikuwa na ukungu, akaogopa ameharibu zawadi yako, akaniuliza namna ya kupanguza. Mara ya pili ilikuwa betri. Siku alianguka alinipigia akiwa amekaa mu matope, akiuliza kama kamera imeshika anguko lake na namna ya kufuta. Sikumuuliza sababu. Alisema tu, "Shemeji, akiona nimeanguka atanikataza kazi." Yaya, damu inamutoka, na mawazo yake ni macho yako.

Iko neno lingine aliniomba, na nilimusaidia. Nilimufundisha. Lile sitakuandikia, nilimuahidi. Muulize mwenyewe, muulize ukiwa umekaa chini, siyo umesimama mulangoni. Minyi nilikudanganya juu ya joto na magogo. Kadi yako ni nzima na betri yako ni nzima.

Mwanaume wa kofia ya bluu simujui.

Juu ya kwaya. Ninajua unataka niandike kwamba sijapata hata siku moja kumuangalia Laetitia. Sitaandika vile. Nitaandika tu kwamba treni ilinileta Lubumbashi mwaka ule, na tangu siku ile hakuna muntu anaweza kusema aliniona mu njia yako.

Kama bado uko na kamera ile mawazoni, itoe. Siyo mu kaske yake. Mu kichwa yako.

Mudogo wako,
Monga


Kamina, tarehe 10 Novemba 2024

Kwa Monga, ndugu yangu,

Amani kwako. Miezi imepita na sikukujibu. Barua yako ya Julai niliisoma ku gare, nikaikunja mu mufuko, na sikufanya vile uliniambia. Mama ni muzima, ingawa hanisemeshi sana; utajua sababu. Mvua imeanza, finkubala, vile viwavi vya kula, imetoka, batoto banaokota.

Ninakueleza vile ilikuwa, juu wengine batakueleza na bataongeza.

Mu mwezi wa nane niliomba pikipiki ya Kisimba. Nilimuacha Laetitia atoke, nikamufuata mbali, mu vumbi lake. Alisimama pa daraja. Alinyoosha kidole, akabonyeza kamera ku kidevu. Niliona kwa macho yangu, ndugu yangu. Ile giza alikuwa anaileta yeye mwenyewe na kidole chake. Yule wa kofia ya bluu akatoka mu majani. Sikungoja. Ilikuwa siku ya soko, bamama bamejaa na mihogo na samaki kavu. Nilifika, nikamushika yule muntu kwa shati, nikamunyang'anya kile alipewa, nikakiinua juu bantu bote baone. Nilisema kwa sauti kubwa bibi yangu ananunua bwana mwingine na vidonge vya mapendo.

Laetitia alisema, "Gaston, rudisha. Rudisha na uende nyumbani." Hakulia. Alisema polepole, kama muntu anayesema na mugonjwa.

Mama mumoja muuza samaki aliangalia kile nilikuwa nimeinua. Akasema vile ni vidonge vya kifua kikuu, mwanawe alimeza vile vile kabla hajakufa. Basi soko yote ikarudi nyuma. Balimuacha yule muntu amesimama peke yake pa daraja, na wakwe zake balikuwa palepale, na mukwe mwanaume akashika mukono wa binti yake, bibi ya yule muntu, bakaondoka.

Anaitwa Nyembo, ni mulimaji wa mahindi. Hakutaka kuonekana ku kituo cha afya, aliogopa wakwe batamunyang'anya bibi. Laetitia alimukubalia amezee dawa pa daraja kila asubuhi, mbele ya macho yake, na aliapa hakuna muntu ataona uso wake. Hata kamera. Njo ile ulimufundisha, kubonyeza ikate na ianze tena. Hakuniambia juu kazi yake inamukataza kusema ugonjwa ya muntu, hata kwa bwana yake.

Kesho yake Nyembo hakuwa pa daraja. Alikimbia.

Laetitia alifungua kamera ku kaske, akaiweka mbele yangu mezani, akakusanya nguo zake. Hakuenda kwa baba yake. Alienda ku nyumba ya Mama Masengo, batoto bakabaki na minyi. Mama wetu mwenyewe, Monga, alimufungulia mulango na akanifungia minyi. Kila siku niliona bibi yangu akipita na pikipiki mbele ya gare, na hakugeuza kichwa.

Nilienda kwa Clotilde, mukubwa wake ku kituo. Nilidhani atanitukana. Alinieleza tu: muntu akiacha dawa ile katikati, ugonjwa unarudi na nguvu, na dawa inaweza kushindwa, na anaambukiza nyumba nzima. Nikauliza Nyembo iko wapi. Akasema bantu banasikia ni kwa bajomba zake, upande wa Kabondo-Dianda. Nikaomba anipe dawa nimupelekee. Aliniangalia sana. Akapigia muuguzi wa kule kwanza, akaandika karatasi, akanipa.

Nilienda na pikipiki ya Kisimba. Nilivaa kaske na kamera, nikaiwasha toka mulango wa gare. Nilitaka Laetitia aone kila kilima, ajue nilifika kweli. Balabala ya kule sitakueleza; mahali pengine nilibeba pikipiki, haikunibeba. Kila mara nilisimama kupanguza kioo na pamba, vile uliandika.

Nyembo alikataa kuniona. Jomba yake, Lumbu, muvuvi, alinipa mahali pa kulala mu nyumba ya nyavu, akasema, "Hatukufukuzi, lakini hatukuiti." Nilikaa mupaka siku Nyembo alitoka mwenyewe. Amekonda. Alisimama mbali, kitambaa mudomoni. Yale alisema ninayabeba kila siku.

"Weye ulikuja soko kutafuta bwana ya bibi yako. Huku unatafuta nini?"

"Ninatafuta umeze dawa."

"Na nikimeza, ni kwa mapafu yangu ao kwa ndoa yako?"

Kamera ilikuwa inafanya kazi ku kidevu changu. Nikanyoosha kidole, nikaibonyeza, ikakatika. Nikavua kaske, nikaiweka chini, nikapiga magoti mu muchanga mbele ya bajomba zake. Hakuniambia simama. Lakini alinyoosha mukono akachukua dawa, na muuguzi wa kule akaendelea naye. Clotilde anapokea habari zake. Anameza. Bibi yake hajarudi kwake.

Yote ile nimeileta minyi, siyo mashine.

Ndugu yangu, kuja Noeli. Chumba chako cha zamani Mama amekifagia.

Gaston


Lubumbashi, tarehe 8 Desemba 2024

Yaya Gaston,

Nilisoma barua yako nimesimama, halafu nikakaa, halafu nikaisoma tena. Ninamuombea Nyembo. Nimetuma nguo za batoto, sukari, na dawa ya kupaka ya Mama. Iko blanketi moja nzito. Ile ni ya Nyembo, Clotilde ataona namna ya kuifikisha.

Mambo ya hapa: patron ananipa sehemu ya kutengeneza simu, nitakuwa mukubwa wa benchi moja. Vijana ba kwaya ya Katuba banataka niwapigie picha za sikukuu.

Noeli sitakuja. Usitafute sababu, nimekuambia kazi. Utakubali ni kazi, kama ile mara ya kwanza.

Mu barua yako ndefu hukugusa hata kidogo yale niliandika Julai juu ya kwaya. Nimeona. Ninakushukuru.

Laetitia hanipigii tena. Ni vizuri vile. Sasa anaijua kamera kunishinda.

Umusalimie, kama anapokea salamu mukononi mwako.

Monga


Kamina, tarehe 16 Februari 2025

Kwa Monga,

Amani kwako na kwa benchi yako mupya. Mama alivaa ile kanga ulimutumia baadaye kwa Noeli mupaka ikachoka, na anasema mwaka huu akupate na muchumba. Minyi sikumusaidia kusema, wala sikumukataza.

Laetitia amerudi. Hakusema neno la kurudi. Mangaribi moja aliingiza pikipiki mu baraza, akauliza batoto bamekula nini, akaosha sufuria. Nilikuwa nimetengeneza maneno mengi, lakini nikachukua kitambaa, nikapanguza ile sufuria. Anaenda Katondo kila siku. Kamera havai. Malori yanapita vile vile, na ninaogopa, lakini alisema akitaka shahidi atajitafutia.

Kazi yangu imebadilika kidogo. Sasa banatuma sisi na pikipiki kuangalia reli mahali mvua imekula udongo. Ninavaa kamera mwenyewe. Inasaidia, ninaonyesha mukubwa wangu mahali palipobomoka, hakuna kubishana. Lakini nitakuambia ukweli, siyo kwa mukubwa tu. Kila mangaribi ninatoa kadi, ninaiweka mezani upande wake, karibu na sahani. Mule iko safari yote ya Kabondo-Dianda, mupaka pale nilizima, na iko kila siku yangu tangu ile. Kisimba ametupatia ile kompyuta ikae hapa. Ninaiwasha, ninaiacha wazi.

Haangalii. Anasogeza kadi na kiwiko, anaweka mufuko wake wa dawa.

Juzi nilishindwa kunyamaza. Nilimuuliza kama hataki kujua ninapita wapi, ninasimama na nani. Kuna mama mumoja muuza mandazi kule ku jiwe la kilometa, kando ya reli, ananisalimia na kicheko, nilimutaja makusudi. Laetitia alimaliza kukunja nguo ya mutoto. Akasema, "Ukirudi muzima, inatosha."

Weye utasema ni jibu zuri. Bote banasema ni jibu zuri, hata Mama. Minyi nililichukua inje, nikakaa nalo juu ya tofali. Zamani nilikuwa nikiona giza karibu na daraja na ilinikula. Sasa ninataka anionee wivu hata kidogo, hata wa mandazi, na haiko.

Habari za Nyembo: blanketi ilifika. Kikohozi imepungua. Amepata kulima kidogo kule. Wakwe bado banamukatalia bibi, na Laetitia alienda mara mbili kuongea nao. Mara ya pili alikubali niende naye. Nilibaki inje na pikipiki.

Asubuhi ya leo alikuwa anajitayarisha, anafunga kiatu, na alikuwa anaimba. Sauti ya chini, ya muntu anayeimba mwenyewe. Wimbo siujui. Siyo wa parokia yetu. Nilisimama mulangoni na kikombe cha chai, na neno likafika mupaka ku meno: nani alikufundisha? Nilishika kile kikombe na mikono yote miwili. Sikuuliza. Alivaa kaske, akawasha pikipiki, akapinda pale kwa muuza makaa, na wimbo ulimalizika mbali, mahali sikuweza kusikia.

Yaya yako,
Gaston